Picha Tuliyoipiga Darini

Juzi nilipita Mishomoroni nikakuta nyumba tuliyokuwa tukipanga imebomolewa. Mahali pake pamechimbwa shimo la msingi, nondo zimesimama wima, na vumbi la saruji limelala juu ya majani ya mpapai wa jirani. Nilisimama pale nikinusa zege kavu iliyovunjwa, harufu ile ya unga inayokwaruza koo, na nikajikuta nimeinua uso kutazama hewani, pale ambapo zamani palikuwa na dari, lile paa bapa la zege. Kunguru mmoja alipita katikati ya mahali hapo bila kugonga kitu. Nilimpigia mama simu Likoni, anakokaa siku hizi, nikamwambia ile nyumba haipo tena.

"Acha ivunjwe," akasema. "Ilikuwa yavuja hata kwa manyunyu." Kisha, bila mimi kumuuliza, akaongeza, "Lakini dari yake ilikuwa tambarare vizuri."

Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Tulikua wakati simu bado zina vibonye, picha bado zinachapishwa na kuwekwa ndani ya albamu, na studio ya mtaani bado ina pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Pazia kama hilo lilikuwa la mama. Mchana alipiga picha za paspoti na za watoto wa shule. Jioni alikuwa mpiga picha wa harusi, tena upande wa wanawake. Anayezijua harusi zetu anajua kwamba ziko shughuli ambazo mwanamume hatii mguu: buibui zinavuliwa, nywele zinaachiliwa, vyetezo vya udi vinazungushwa, na kila mtu anataka picha ambayo mwanamume hataipiga. Kwa hiyo mama alihitajiwa, kuanzia Frere Town mpaka Mtopanga. Lakini kuhitajiwa si kupendwa. Mwanamke aliyeachwa, anayejilisha kwa mikono yake, anayerudi nyumbani majirani wakiwa wameshafunga milango, hakosi kusemwa.

Baba alikuwa Qatar. Talaka yake ilifika kabla sijajua maana ya neno hilo, na mimi nilimjua kwa sauti tu, ya siku za Ijumaa. Siku moja nilimuuliza kwenye simu, "Baba, huko uliko ni mbali sana?" Akacheka, akasema, "Si mbali. Ukiutazama mwezi, nami nautazama huo huo." Mtoto humwambii neno kama hilo ukatarajia alichukue nusu. Kila mwezi ulipotoka nilipanda darini, juu ya ile sakafu ya zege tulikoanika nguo, nikautazama mpaka macho yakatoka machozi. Ijumaa ikija nilimwambia baba kwamba bado sijamwona, nadhani amekuwa mdogo mno.

Ndipo msafiri mmoja akaleta boksi refu kutoka kwake. Ndani mlikuwa na darubini: bomba jeupe lenye urefu wa mkono wa mtu mzima, miguu mitatu ya kusimamia, na waya mbili nene, zenye vishikizo, za kuizungusha taratibu. Mama aliifungua, akaisoma karatasi yake, akainyanyua kwa mikono miwili na kunikabidhi.

"Hii ni amana ya babako," akasema. "Itunze."

Madrasa tulikuwa tumefundishwa kwamba amana ni kitu ulichoachiwa na mwenyewe, na kwamba siku moja utaulizwa. Neno zito kwa mtoto. Nililichukua likawa jina. Kuanzia siku ile darubini kwangu iliitwa Amana, kama vile paka wa nyumba ya chini alivyoitwa Simba, na sikuona ajabu yoyote.

Jioni ya kwanza niliuzunguka mwezi mzima nikimtafuta baba. Niliona mashimo, niliona nyanda za kijivu, niliona ukingo wenye meno kama sufuria iliyogongwa. Nilitafuta kwa utaratibu, kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayechambua mchele. Mwishowe nikamwambia mama, "Hayuko."

Mama aligeukia nguo zilizoanikwa, akazipapasa kana kwamba anaangalia kama zimekauka. "Babako yuko Qatar, mwanangu. Yuwafanya kazi. Hayuko mwezini."

"Basi darubini ya nini?"

Aliinama yeye mwenyewe, akaweka jicho, na hakuinuka kwa muda mrefu. Alipoinuka hakuwa na uso wa mtu mwenye huzuni. Alikuwa na uso wa fundi aliyeletewa kifaa cha fundi mwenzake.

"Lenzi ni lenzi," akasema.

Baada ya hapo darubini ikawa yetu wawili. Mama alichukua kifuniko cha mdomo wa kamera yake, akakitoboa katikati, akagundisha hapo kipande cha bomba la plastiki alichopewa na fundi wa mabomba, akazungushia utepe mweusi ili mwanga usipenye. Kamera ikakaa nyuma ya darubini mahali pa jicho. Picha ya mwezi ilitoka siku hiyo hiyo. Aliichapisha akaibandika ukutani, na mimi nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza anaanza. Kwenye kompyuta ya studio alikuwa amekuta picha ya galaksi inayoitwa Andromeda: mkusanyiko wa nyota ulio nje kabisa ya hizi zetu, nyingi mno hata machoni zinayeyuka na kuwa wingu moja, na mwanga wake ulianza safari kabla ya kuwako mtu wa kuutazama. Walioipiga waliandika kwamba hata darubini ndogo yaweza, mtu akiwa na subira.

"Nimewapiga mabiharusi wote wa Kisauni," mama aliniambia. "Wakiambiwa kaeni, wanakaa. Huyu hakai. Namtaka."

Hakuipata upesi. Picha za mwanzo zilikuwa mistari mitupu, kama sukari iliyomwagika na kufutwa kwa kiganja. Mbingu inatembea, na darubini yetu haikuwa na mota ya kuifuata. Kwa hiyo mama alipiga picha fupi fupi nyingi, kila moja urefu wa pumzi iliyozuiwa, na katikati ya picha na picha mimi nilizungusha waya kidogo sana ili kile kitu kirudi mahali pake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Vidole vyangu vilijifunza kipimo cha mwendo wa mbingu kabla kichwa hakijaelewa. Upepo wa kaskazi ulitutikisia miguu ya darubini, shuka za watu zilitupiga usoni, na taa za barabarani zilipaka anga rangi ya chai ya maziwa. Sisi ndio tuliokuwa watu pekee Mishomoroni tuliofurahi stima zikipotea na taa kuzimika. Nyumba zote zikipiga kelele za uchungu, mama alikuwa ameshaepua chungu jikoni na kushika mkoba wa kamera.

Chini yetu alikaa Mama Furaha, mama wa Kigiriama kutoka pande za Kaloleni, aliyeuza mahamri na mbaazi asubuhi. Yeye peke yake alituuliza moja kwa moja tunafanya nini. Mama alimweleza. Mama Furaha alifikiri, akauliza, "Sasa, na Kaloleni yaonekana?" Mama akamwambia haionekani, kuna miti. "Haya," akasema Mama Furaha, akarudi kukanda unga. Kwake jambo lilikwisha hapo.

Kwa wengine halikwisha. Yakaanza maneno kwamba darubini yetu inachungulia nyumba za watu. Bwana mmoja wa nyumba ya mbele alibandika magazeti kwenye dirisha lake lote. Mimi nililichukua jambo hili kama ubishi wa vyombo tu, kwamba watu hawajui darubini inavyofanya kazi na wakielezwa wataelewa. Nikaenda bombani, mahali wanawake walipopanga foleni ya maji, nikawaambia kwa sauti ya mwalimu, "Haiwezi kuwachungulia. Inapindua kila kitu. Hata tukiwatazama tutawaona mmesimama kwa vichwa, miguu juu."

Nilirudi nyumbani nikijua nimetusafisha. Siku ya pili mtaa mzima ulikuwa unasema kwamba Zuhura, yaani mama, na binti yake wana chombo cha kuwatazama watu miguu juu, na kila mtu anajua kwamba wachawi ndio hutazama hivyo.

Habari zikafika Changamwe, kwa Ami Hamad. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa baba, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa sauti ya chini na marashi ya waridi. Sijamwona hata siku moja akipiga kelele, na nimekuja kujua ukubwani kwamba mtu wa namna hiyo ndiye mgumu zaidi kumpinga. Alikuja Ijumaa baada ya sala. Nilimwamkia, "Shikamoo, Ami," akanipa mkono wake niubusu, akasema, "Marahaba, mwanangu." Mama akaniambia niende ndani. Ndani kwetu palikuwa nyuma ya pazia.

"Zuhura, sikuja kwa ugomvi," nilimsikia Ami.

"Karibu, shemeji."

"Watu wasema."

"Watu wana midomo. Watasema."

"Wasema wapanda darini gizani, na chombo. Mimi sisemi ni kweli. Nasema, amana ya ndugu yangu haiwezi kukaa mahali panaposemwa hivi. Nitakuja kuichukua kabla shule hazijafunguliwa. Kwangu kuna nafasi, kuna utulivu. Nimezungumza na mwenyewe, ameridhia."

"Ameridhia? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Nilisikia kijiko cha mama kikizunguka ndani ya gilasi ya chai, kikizunguka na kuzunguka, muda mrefu baada ya sukari kuyeyuka.

Mimi nyuma ya pazia nilikuwa nimeshaamua. Niliiona darubini yetu ikifungiwa dukani Changamwe kati ya mifuko ya saruji na makopo ya rangi, haioni hata dirisha. Ami alipoondoka, na mama alipoingia kuoga, niliibeba kwa mikono miwili, nikashuka ngazi nikihesabu kila kishindo, nikamwambia Mama Furaha, "Nifichie, kuna mtu ataka kutunyang'anya." Hakuuliza swali. Tukaiweka nyuma ya magunia ya makaa na kuifunika kanga.

Mama alipoikosa alinitazama tu. "Iko wapi?"

"Siisemi. Ami akija aambiwe amana haipo."

"Ami asiikute?"

"Asiikute. Wewe uliniambia niitunze."

Mama alikaa kitako juu ya sanduku la nguo. Kwanza alicheka. Kisha kicheko kikakatika, akanivuta nikasimama kati ya magoti yake.

"Mwanangu, amana aliyoisema Ami si darubini. Ni wewe."

Nakumbuka nilitazama mikono yangu, halafu miguu yangu yenye vumbi la ngazi. Sikuwa nimewahi kujiona kama kitu kinachoweza kunyanyuliwa na kupelekwa. Nilikuwa nimekwenda kuificha darubini nyuma ya makaa, nikajiacha mimi mwenyewe nje, peupe.

"Wataka kwenda?" mama akauliza. "Kwa Ami kuna nafasi kweli. Kuna wenzako wa kucheza. Usijibu kwa ajili yangu."

"Sitaki."

"Fikiri."

"Nimefikiri. Sitaki."

"Basi huendi."

Alilisema polepole, bila kupandisha sauti, lakini nililisikia likikaa, kama komeo. Mimi bado nilikuwa na hofu, na hofu ya mtoto hutafuta biashara. Nikamwambia, "Mama, basi tuache kupanda darini. Tukiacha, watanyamaza, na Ami hatakuwa na la kusema."

Mama alinishika kidevu. "Tukiacha watasema tumetubu. Na mimi sijafanya la kutubia. Nenda kailete."

Shule zilikuwa zakaribia kufunguliwa, na kila mlango uliobishwa nilidhani ni Ami. Alikuja jioni ambayo stima zilipotea, na hazikupotea Mishomoroni peke yake. Kisauni nzima ilizimika, na ng'ambo ya maji kisiwani nako giza. Muadhini aliita Isha kwa koo lake tupu, bila kipaza sauti, na sauti yake ilikuja ndogo na ya karibu, kama ya mtu anayekuita chumba cha pili. Mimi na mama tulisali, tukapanda. Sijui niwaambieje wale ambao hawajaiona Mombasa ikiwa na mbingu yake halisi. Nyota zilishuka mpaka kwenye kamba za nguo. Mama alielekeza darubini kaskazini, akatafuta ule mraba wa nyota nne, akahesabu kutoka pembeni mwake kama anayefuata maelezo ya njia, akaniambia nitazame. Kulikuwa na alama hafifu, kama pumzi ya mtu kwenye kioo.

"Ndiye?" nikanong'ona.

"Ndiye."

Akaweka kamera. Tukaanza. Yeye akizuia pumzi, mimi nikizungusha waya, yeye akizuia pumzi. Tulikuwa tumeshika mwendo wetu barabara ndipo tukasikia nyayo ngazini na kuona tochi zikiyumba ukutani. Ami Hamad alitangulia. Nyuma yake alikuwa mzee wa mtaa, aliyemchukua awe shahidi, na nyuma ya mzee majirani, maana hakuna aliyependa kukosa.

"Zuhura!"

"Zima tochi, shemeji," akasema mama. Hakugeuka.

"Wasemaje?"

"Nasema zima tochi. Waniharibia picha."

"Nimekuja kwa lile tulilozungumza."

"Najua. Litangoja. Mimi niko kazini." Kisha akasema kwa upole, huku jicho lake likiwa bado kwenye kamera, "Mzee wangu, shikamoo. Kuna ndoo hapo, ipindue ukae. Lakini na wewe, tafadhali, tochi."

"Marahaba, binti yangu," mzee alijibu kwa mazoea, na nilimsikia akiipapasa ndoo.

Tochi ya Ami haikuzimika. Ilibaki imetumulika mgongoni, na mbele yetu vivuli vyetu viwili virefu vilikwenda mpaka ukutani. Ndipo sauti ya Mama Furaha ikatoka nyuma ya watu. "Jamani, zimeni! Mwamwona mtu yuko kazini!" Alizima yake. Mwingine akazima. Zikazimika moja moja mpaka ikabaki ya Ami peke yake, na tochi ikibaki peke yake gizani mbele za watu inakuwa na aibu. Naye akazima.

"Wapiga picha ya nini kwenye giza?" akauliza.

"Ya huyo." Mama alinyoosha mkono juu. "Shemeji, wewe Kiarabu wanipita. Mimi nimesoma tu kwamba Waarabu wa kale kundi la nyota alimo huyo waliliita Mwanamke Asiyeona Mume. Yuko hapo tangu hawajazaliwa babu zetu, gizani, juu, peke yake. Sijasikia kama kuna aliyepanda kwenda kumteremsha."

Mtu alicheka. Halafu wanawake wote walicheka, wale wale wa bombani, na kicheko chao hakikuwa juu yetu. Ami alingoja kiishe. Alikuwa mtu wa kungoja.

"Mwanangu," akaniambia mimi sasa, kwa sauti ile yake ya chini. "Njoo. Gari liko chini. Twende."

Miguu yangu ilitaka kutii. Nimelelewa hivyo, Ami akiita unakwenda, unaitika abee na kwenda. Lakini mkono wangu ulikuwa kwenye waya, na mama alikuwa amezuia pumzi.

"Siwezi, Ami," nikasema. "Nikiachia, itatoka."

"Mwachie mamako."

"Mwulize yeye mwenyewe anataka nini," akasema mama.

"Mtoto haulizwi, Zuhura."

"Mimi nimeshaulizwa, Ami," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyoikusudia, watu wote wakaisikia. "Mama aliniuliza. Nikasema sitaki. Akaniambia nifikiri, nikafikiri, nikasema sitaki. Na sasa pia sitaki."

Hakuna aliyecheka. Nilizungusha waya kidogo, maana wakati wake ulikuwa umefika.

Ami alisema kwamba mambo haya yana njia zake, na yeye atazifuata. Mama ndipo akainuka na kumtazama, mara ya kwanza jioni ile. "Mlango wa Kadhi uko wazi, shemeji. Nenda kafungue kesi, wallahi nitakuja. Nitamwambia Kadhi nafanya kazi gani, nalala wapi na mtoto analala wapi, anasoma wapi na anakula nini. Nitamwambia na ya hapa darini, kwa mdomo wangu, asisikie kwa watu. Lakini mtoto hutamtoa hapa kwa tochi."

Mzee wa mtaa alikohoa. Aliomba aoneshwe, na mama akamwelekezea kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Mzee akakisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Wingu," akasema.

"Wingu," mama akakubali.

"Na hizi ndizo nyumba za watu mnazochungulia?"

"Ndizo hizo, mzee wangu."

Mzee aliinuka kwa taabu. "Hamad, magoti yangu yaniuma. Tushuke."

Wakashuka. Ami alikuwa wa mwisho, na hakuaga. Sisi tuliendelea mpaka stima ziliporudi ghafla, mtaa mzima ukashangilia kwa vigelegele, na mama na mimi, peke yetu, tukaguna.

Mama alikaa kwenye kompyuta siku kadhaa akiziweka zile picha moja juu ya nyingine, akizitupa zilizotikisika. Iliyopatikana haikuwa nzuri. Nimeona bora zaidi tangu hapo, na nyinyi pia mmeziona. Nyota zake zimevutika kidogo kama punje za mchele. Lakini katikati kuna yai la mwanga, limelala ubavu, lenye kiini angavu, na kandokando yake doa dogo ambalo nalo ni galaksi nyingine, jirani yake. Hakuna aliyetupa. Tuliipokea wenyewe, kwa mkono, kwenye dari ya nyumba ya kupanga.

Sitaki mtu afikiri kwamba mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Ziko familia zilizomfuta mama kwenye harusi zao, na msimu ule tulikula dagaa zaidi ya kawaida yetu. Walirudi mmoja mmoja, kwa sababu mpiga picha mwanamke mwingine wa kariba yake hawakumpata, na mama aliwapokea bila kuwakumbusha. Kwa Kadhi Ami hakwenda. Alimpigia baba simu, na baba akanipigia mimi, siku ya pili tu baada ya jioni ile ya tochi, ingawa haikuwa Ijumaa.

"Ami yako asema ulimjibu mbele za watu," baba akasema.

"Abee, baba. Nilimjibu."

"Na asema bado mwapanda huko juu, gizani."

"Abee. Twapanda."

Nilisikia gari zikipita huko kwake. Nilijua mama amesimama nyuma yangu, maana nyayo zake zilikuwa zimekoma. "Ulimwambia mimi nichukuliwe?" nikamuuliza. "Kwa mdomo wako?"

Baba akasema aliambiwa mambo mengi, na mtu akiwa mbali huambiwa tu, haoni. Hilo halikuwa jibu, na hata wakati ule nilijua halikuwa jibu. "Mimi nakaa na mama," nikamwambia. "Ukitaka kuniona, njoo."

"Kaa, basi," akasema baba mwishowe. "Kaa na mamako."

Jioni ya siku hiyo ya simu stima zilikuwapo. Taa za barabarani zote zinawaka, madirisha yote yanawaka, duka la jirani limewasha ile taa yake nyeupe ya kuumiza macho, na juu anga ni rangi ya chai. Hapakuwa na nyota hata ya dawa. Mama alifungua kabati, akatoa dira lake la harusi, lile gauni pana lenye nyuzi za zari, akalivaa. Akajipaka wanja. Akaning'iniza mkoba wa kamera begani, akanipa mimi miguu ya darubini niibebe.

"Mama, leo hatutaona kitu," nikasema.

"Najua."

"Sasa twaenda kuona nini?"

"Leo sisi ndio wa kuonekana," akasema. "Tangulia."

Nikatangulia. Tulipofika darini mama alisogeza kamba za nguo kando ili tusimame mahali penye mwanga zaidi, pale ambapo bwana wa magazeti na nyumba zote za mbele wangetuona vizuri. Nikaifungua miguu ya darubini, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja nikauburuta kwa makusudi juu ya zege mpaka ukalia.